Kutoka Sanje hadi Kalambo kwa gari: mwongozo wa mito, maporomoko na makorongo ya Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita karibu na maji mazuri kuliko madereva wengi wanavyodhani. Ukichepuka mara nne tu kutoka kwenye lami hiyo, unaona maporomoko ya Sanje kwenye milima ya Udzungwa, korongo la Isimila nje ya Iringa, mto Kiwira unaopita chini ya mwamba kule Rungwe, na mwisho Kalambo, ambako mto mzima unajitupa zaidi ya mita 200 bila kugusa jiwe.

Wengi hupanga safari hii kwa kilomita, na ndipo inapoharibika. Kinachoamua utaona nini na utafika wapi ni maji: yamejaa au yamepungua, na udongo wa njia ya mwisho umekauka au bado ni tope. Kwa hiyo anza na kalenda, kisha gari, ndipo ufungue ramani.

Chagua mwezi kabla ya kitu kingine

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Rungwe ni habari nyingine: Tukuyu mvua huendelea kunyesha Mei na hata Juni, na hakuna mwezi unaoweza kuuamini kabisa. Upande wa Udzungwa mvua kubwa ni za Machi hadi Mei.

Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai. Njia za udongo zimeanza kukakamaa, lakini misitu bado inaachia maji iliyohifadhi, hivyo mito ina nguvu na maji yake yameshasafika. Machi maporomoko ni makubwa mno, ila mara nyingi utaona ukungu na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na njia ya kufikia nusu ya vituo itakuwa imekatika. Septemba na Oktoba barabara ni kavu na salama, lakini Sanje hupungua na Kalambo huwa utepe mwembamba.

Kwa Juni na Julai beba nguo za baridi kweli. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na uwanda wa Kitulo ni wa mita 2,600 hivi, ambako miezi hiyo sakitu huanguka usiku. Watu wa Dar hufika Uyole, nje ya Mbeya mjini, na fulana moja, wakaishia kununua makoti ya mtumba.

Gari: si lazima liwe kubwa, lazima liwe zima

Lami yote ya safari hii, kuanzia Dar es Salaam hadi Sumbawanga na kuendelea mpaka Kasanga, inapitika kwa gari dogo. Tatizo ni vipande vya mwisho vya kwenda kwenye maji. Gari lililoinuka kama Noah au Rav4, lenye matairi mazuri, linatosha kwa kiangazi. Ukienda kipindi cha mvua, chukua gari linalovuta magurudumu yote manne, na bado uwe tayari kuliacha kijijini na kumalizia kwa bodaboda au kwa miguu.

Mpelekee fundi gari siku tatu kabla ya kutoka, siyo jioni ya kuamkia safari. Atazame mambo haya kwa mpangilio huu:

Breki. Pedi zilizobaki nusu zinafaa kwa mjini, lakini mlima Kitonga na miteremko ya Rungwe itazimaliza. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hunyonya unyevu. Yakipata moto kwenye mteremko mrefu yanachemka, na pedali inazama mpaka chini. Yabadilishe.

Rejeta na mabomba yake. Gari lenye rejeta iliyoziba halionyeshi ugonjwa huo kwenye tambarare ya Morogoro. Linauonyesha katikati ya mlima, nyuma ya lori linalokwenda kilomita 10 kwa saa, ambako hakuna upepo unaoingia. Beba lita tano za maji, na usifungue mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa.

Matairi, pamoja na la akiba. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi la akiba ndilo husahaulika. Wengi huligundua halina upepo siku wanapolihitaji.

Kisha vifaa: jeki na spana ya nati za magurudumu (jaribu kuzifungua nyumbani, kwani nati zilizokazwa kwa mashine hazifunguki kwa mkono), kipande cha ubao mnene cha sentimita 30 kwa 30 cha kuweka chini ya jeki ili isizame kwenye tope, kamba nene ya kuvutia, koleo, pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, kipimo cha upepo, na tochi ya kichwani. Pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto trafiki watavitaka, na ni haki yao.

Mafuta: kwenda na kurudi, pamoja na michepuko yote, kadiria kilomita 3,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 300, na milima itaongeza kidogo. Jaza Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma. Sumbawanga jaza tanki lote kabla ya kuelekea Kalambo.

Siku na fedha

Siku 11 zinatosha bila kukimbizana. Siku ya kwanza Dar hadi Mang'ula, kiasi cha kilomita 360. Ya pili ni ya Sanje. Ya tatu Mang'ula hadi Iringa. Ya nne Isimila asubuhi, kisha kusogea hadi Makambako au Chimala. Ya tano kufika Tukuyu, ya sita kuzunguka Rungwe. Ya saba ndiyo ndefu: Tukuyu hadi Sumbawanga, karibu kilomita 400. Ya nane Kalambo. Siku tatu za kurudi. Mwenye siku nane akate Kalambo, arudi kutoka Tukuyu. Asijaribu kubana vyote.

Usipige hesabu ya kilomita 100 kwa saa. Kila kijiji kina kibao cha 50, na tochi za trafiki zinajificha hasa pale unapodhani kijiji kimekwisha. Ukijumlisha malori, mizani na matuta, wastani halisi ni kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Iringa hadi Mbeya, kilomita 330 hivi, ni muda wa saa sita. Usiendeshe usiku: malori mabovu huachwa barabarani na matawi ya miti tu kama alama, na tawi hulioni mpaka umeshafika.

Kwenye hifadhi za taifa na za misitu, fedha taslimu hazipokelewi getini. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, ndipo unaingia. Weka salio kwenye simu kabla hujafika, kwa sababu mtandao unaweza kusumbua palepale getini. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti: viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, lakini bila kitambulisho utahesabiwa mgeni. Kwenye vituo vinavyosimamiwa na vijiji, taslimu ndiyo njia. Beba noti ndogo na udai risiti.

Sanje

Mjini Mikumi acha barabara kuu, pinda kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Ukivuka Kidatu unafika Sanje, halafu Mang'ula yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Lala Mang'ula, malizia malipo jioni ikiwezekana, asubuhi urudi kilomita chache hadi Sanje pamoja na askari au mwongozaji. Huruhusiwi kupanda peke yako.

Anza saa 1 au 2 asubuhi. Njia inapanda moja kwa moja msituni, hewa imejaa unyevu na hakuna upepo. Anayeanza saa 5 anafika juu amelowa jasho na hana nguvu ya kushuka. Tenga saa nne kwenda na kurudi, tano ukiwa na watoto. Maji lita mbili kwa kila mtu. Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi: siafu huvuka njia, na ukisimama kupiga picha katikati ya msafara wao utajua kwa nini.

Maporomoko ya Sanje yana ngazi tatu zinazojumlisha mita 170. Wengi huishia kwenye ngazi ya kati yenye bwawa, na kwa kweli hapo ndipo pazuri. Mwombe mwongozaji akupitishe mahali unapoona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa chini. Njiani tega sikio kwa nyani wa Sanje, ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 tu, na mbega wekundu wa Iringa. Wote hawapatikani porini nje ya eneo hili.

Kuhusu kuoga, muulize mwongozaji siku hiyohiyo. Usikae chini kabisa ya maji yanapoangukia. Maji yanayoanguka huzama, hugonga chini, kisha hurudi juu yakizunguka kuelekea kwenye ukuta. Mtu anayeingia hapo huvutwa ndani hata kama anajua kuogelea. Pia maji yaliyojaa mapovu hayambebi mtu vizuri. Baki upande wa bwawa ulio mbali na maji yanapoangukia, palipotulia.

Kitonga, kisha Isimila

Ukirudi Mikumi na kuendelea kusini, barabara inafuata mto Ruaha Mkuu katika bonde la mibuyu, kisha inapanda Kitonga. Kupanda, kaa nyuma ya lori na uwe mvumilivu. Ukiona kipimo cha joto kinapanda, zima kiyoyozi na uwashe hita. Ndiyo, utatoka jasho, lakini hita huondoa joto kwenye injini.

Kitonga ya kurudi ndiyo ya kuogopa. Kanuni ni moja: shuka kwa gia uliyotumia kupanda. Gari la otomatiki liondoe kwenye D, uweke 2 au L. Breki igusie kwa vipindi vifupi vya kukaza na kuachia, usiikanyage mfululizo. Dalili ya kwanza ya breki kuzidiwa ni harufu kali ya kitu kinachoungua inayoingia kupitia madirisha, ya pili ni pedali kuwa laini. Ukipata mojawapo, egesha mahali papana, weka jiwe kwenye gurudumu, subiri nusu saa. Usimwagie maji diski iliyo moto, kwani inapinda au kupasuka.

Isimila iko kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, na kibao kiko kushoto. Pamoja na zana za mawe ambazo watu wa kale waliziacha, mashoka ya mkono yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, kuna korongo ambalo maji yamelichonga katika matope ya ziwa lililokauka zamani. Udongo laini umeliwa, sehemu ngumu zimebaki zimesimama kama nguzo, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili.

Fika saa 1 na nusu au 2 asubuhi, jua likiwa bado limelala: nguzo zinakuwa na rangi ya kutu na vivuli virefu. Saa 6 mchana zote huonekana bapa, na joto ndani ya korongo halina pa kutokea. Mzunguko mzima pamoja na jumba dogo la makumbusho ni saa moja na nusu. Usipande nguzo wala kuegemea. Ni udongo mgumu tu, unameguka. Usiokote jiwe hata likiwa limelala njiani. Kuchukua mali kale ni kosa kisheria, na kile kinachoonekana jiwe la kawaida mara nyingi ndicho chenyewe.

Chini ya korongo ni mchanga wa mto mkavu. Mawingu yakiwa mazito upande wowote, toka. Korongo la aina hii hujazwa na mvua iliyonyesha mahali pengine kabisa, wakati juu yako kuna jua.

Ukisalimiwa "kamwene" Iringa, jibu "kamwene". Inafungua milango mingi.

Chimala na Hamsini na Saba

Hapa nitasema kwa kifupi. Kutoka Chimala, kati ya Makambako na Mbeya, kuna njia ya changarawe inayopanda Matamba kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Kiangazi, dereva mzoefu na gari lenye nguvu atafurahia. Kona nyingine hazikatiki kwa mkupuo mmoja, unarudi nyuma kidogo ukingo ukiwa mgongoni. Mvua ikinyesha, usiende. Maua ya Kitulo ni ya Desemba hadi Machi, wakati uleule njia ni mbovu, kwa hiyo ukiwa kwenye safari hii ya Juni utaona milima na mito, siyo maua. Mwenye haraka apite, Rungwe ina zaidi.

Rungwe: mto unaoingia chini ya mwamba

Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, pinda kushoto. Barabara inapanda hadi kwenye baridi na ukungu, kisha inashuka katikati ya migomba, chai na parachichi hadi Kiwira na Tukuyu. Fikia Tukuyu, na siku inayofuata uanze mapema, kwani asubuhi huwa na mwanga na mchana mawingu hushuka.

Anza na mto Kiwira. Karibu na mji wa Kiwira kuna njia ya upande wa magharibi inayoelekea Kijungu na Daraja la Mungu. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza. Simama getini, jitambulishe, eleza shida yako, na usitoe simu mfukoni kupiga picha za majengo, sare au wafungwa. Ukishapewa ruhusa utasindikizwa.

Kijungu ni mahali ambapo mto mzima unabanwa kwenye mwamba mweusi wa volkano, unaingia kwenye tundu linalozunguka, unapotea chini ya ardhi na kuibukia mbele. Ni padogo kuliko unavyotarajia, na ndiyo hatari yake: mtu anaona upana wa kuruka. Hakuna aliyewahi kufaidika kwa kujaribu. Mwamba ule umesuguliwa na maji hadi ukawa laini, na kingo zake zina ukoga wa kijani usioonekana ukiwa mkavu. Simama hatua tatu nyuma, mshike mtoto mkono mwenyewe.

Daraja la Mungu liko mbali kidogo na hapo kwa gari, kwenye mto huohuo. Ni upinde wa lava iliyoganda juu ya mto, maji yakiendelea kula chini yake. Picha nzuri hupatikana ukiwa pembeni chini kidogo, upinde wote ukiwa mbele yako, na asubuhi. Pita na mwongozaji wa kijijini. Bei mkubaliane kabla ya kuanza kutembea, siyo mkirudi.

Mchana shuka kusini ya Tukuyu kwa barabara ya Kyela hadi Ushirika, kisha ulizia njia ya maporomoko ya Kaporogwe. Kipande cha mwisho ni udongo mwekundu, na ni hiki ndicho kinachokwamisha magari madogo hata Julai, ikiwa usiku uliotangulia umenyesha. Kaporogwe ina kitu ambacho Sanje haina: pango nyuma ya maji, unapita na kuyaona yakianguka mbele ya macho yako kama pazia. Viatu vya raba vyenye meno, siyo kandambili. Simu weka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, maana rasharasha hapo hailowanishi kidogo kidogo.

Udongo huu ukilowa, fanya hivi. Kabla ya kushuka kwenye tope, simama, tembea kwa miguu uone mwisho wake. Punguza upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 22 au 24, ili tairi litanuke na kushika. Ingia na gia ya pili, mwendo mmoja, bila kukanyaga mafuta kwa ghafla. Magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, acha mara moja. Kila mzunguko unachimba kaburi la gari. Chimbua mbele ya magurudumu yanayovuta, tandika majani ya migomba makavu au mawe, kisha jaribu tena. Ukirudi lami, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo: tairi laini likienda kasi hupata joto na kupasuka. Vijana watakuja kusukuma. Walipe, na useme "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Kuvuka maji, kwa gari na kwa miguu

Kwa gari, kipimo cha kukumbuka ni hiki: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, na sentimita 60 huchukua karibu gari lolote. Siyo uzito wa gari unaoshindwa, ni kwamba maji hulinyanyua kwanza, kisha mkondo unalisukuma. Mahali ambapo usingethubutu kutembea kwa miguu, usiingize gari. Usiposhuka kupima kwa fimbo, huna haki ya kusema panapitika. Ukishavuka, gusagusa breki polepole kwa mita 100 zikauke.

Kwa miguu, usivuke kamwe juu ya maporomoko, hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Mahali pengine chagua palipo papana, kwa kuwa ndipo kina huwa kidogo; legeza mikanda ya begi ili uweze kulivua ukianguka; tazama yanakotoka maji, fimbo mbele yako, sogea kiupandeupande, mguu mmoja kwa wakati.

Dalili za mto unaojaa jifunze kabla hujakaa kula chakula ukingoni. Chagua jiwe moja, tazama mstari wa unyevu ulipoishia. Ukiupata umezama baada ya dakika kumi, ondoka. Maji yakigeuka kutoka meupe kuwa ya rangi ya udongo, majani na vijiti vibichi vikianza kuelea, au mlio wa mto ukishuka na kuwa mzito, usikusanye vyombo. Panda juu kwanza.

Kalambo

Toka Tukuyu saa 12 asubuhi. Mbeya mjini kuna foleni, na Tunduma kuna foleni ya malori ya mpakani inayoweza kuziba upande mmoja wa barabara. Usiifuate. Magari madogo huyapita malori yaliyosimama, kwa uangalifu, hadi kwenye njia panda ya Sumbawanga iliyo kabla ya mpaka. Ukishaiacha Tunduma, kilomita 230 hivi zinazofuata ni lami tulivu, na unaweza kufika Sumbawanga jua likiwa juu.

Asubuhi fuata barabara ya Matai na Kasanga. Kijiji cha kuulizia ni Kapozwa. Kutoka huko njia inakwenda hadi kwenye hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipa, chukua mwongozaji.

Kalambo ni mpaka: ng'ambo ya mto ni Zambia. Usivuke bila kupitia uhamiaji, hata kama wavuvi wanavuka. Maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja kiasi cha mita 235 kwa vipimo vingi, takriban mara mbili ya maporomoko ya Victoria, ingawa ni mto mwembamba zaidi. Chini linaanza korongo lenye kina cha hadi mita 300, linalokwenda kilomita kama 5 kabla ya kufunguka kuelekea bonde la Ziwa Tanganyika. Korongo hili ndilo la kutazama kwa muda mrefu. Wengi hupiga picha ya maji kwa dakika kumi na kuondoka, wakati kwenye magenge ya upande wa pili, kiangazi, ndege wakubwa waitwao korongo-shiba hutaga na kulea makinda yao. Darubini hapa inafaa kuliko kamera.

Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, ndipo wanaakiolojia walipopata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mkato, yenye umri wa angalau miaka 476,000. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2023. Miti ilidumu kwa sababu ilibaki chini ya maji, kwenye udongo usio na hewa.

Ukingoni kuwa mkali na wenzako. Nyasi hufunika mwisho wa genge, na mwamba wa juu una mchanga mwembamba unaoteleza kama punje za mtama. Lala kifudifudi ukitaka kuchungulia, mwenzako ashike miguu. Upepo hupanda kutoka korongoni na kuchukua kofia na karatasi, usizifuate. Kushuka chini kabisa kunachosha kuliko kunavyoonekana, na kupanda ndiko kunakoua magoti. Kama hujaanza kabla ya saa 4 asubuhi, au huna lita tatu za maji, baki juu.

Ukibakiwa na nusu siku, shuka Kasanga uone ziwa na ule samaki. Kuoga ufukweni uliza wenyeji kwanza, kwa sababu ya mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho. Rudi Sumbawanga kabla ya saa 12 jioni, osha chini ya gari, tazama kama kuna majani yamekwama karibu na ekzosi kwani yakikauka hushika moto, na kabla ya kulala kaza upya nati za gurudumu lolote ulilobadilisha njiani.